Kisu cha Tano: Jani Lililofutika

Droo ilikuwa tupu.

Ninyi mlionisimamisha njiani wiki nzima kuniuliza kama kisu kilikuwemo, jibu ndilo hilo. Tulimwacha Fundi Saa amepiga magoti mbele ya cherehani ya mjane wa dereva, mkono kwenye droo, moyo ukimdunda kama saa iliyokazwa kupita kiasi. Akaivuta. Ndani mlikuwa na bobini mbili, kipande cha chaki na kidonge cha kichwa kilichosahaulika. Kisu hakuna.

"Mama," alisema. "Si ulisema kimo humu?"

"Kilikuwemo," mjane alijibu, anatabasamu.

"Kimeibwa?"

"Kiibwe na nani? Nani ana haja na kisu chenye kutu? Inuka kwanza, mwanangu, utachafua suruali. Keti unywe chai."

Fundi Saa hakuketi. Angeketi vipi? Kwa msomaji aliyeingia leo, sikiliza haraka, maana mtu wetu hana muda.

Baba yake alikuwa mhunzi. Kabla mikono haijaanza kumtetemeka alifua visu vitano vya mpini wa pembe ambavyo hakuna mwingine aliyeviweza. Penye shina la kila bapa, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, aligonga jani dogo. Jani la kisu cha kwanza lina mshipa mmoja, la cha pili miwili, hivyo hivyo hadi cha tano. Visu vikatawanyika, kila kimoja kwa mtu wake. Kisha kiharusi kikampiga mzee, kikamchukua mguu, mkono mmoja na ulimi wote. Akawa analala amegeukia dirisha, anamtazama mwanawe kama anavyotazama ukuta.

Siku moja mwashi alileta saa kutengenezwa, akasahau kibandani kisu alichokuwa akikwangulia rangi. Fundi Saa aliliona jani, akakimbia nacho nyumbani, akakiweka katika kiganja cha baba yake. Kidole gumba kikatambaa. Kikafika penye jani. Na mdomo uliokuwa umefungwa tangu kiharusi ukafunguka.

"Cha mwashi," mzee alisema.

Neno hilo lilimfanya Fundi Saa mtafuta visu. Cha pili alikitoa kwa mkunga mstaafu aliyekificha chini ya godoro. Cha tatu kwa mpishi wa hoteli. Cha nne kwenye duka la vitu vya kale, baada ya kuuza baiskeli yake. Kila kimoja kilimletea neno: "Cha mkunga." "Cha mpishi." Kwa cha nne mzee alinong'ona, "Bado cha mwisho," akarudi kwenye ukimya wake.

Sasa mzee hamezi vizuri, na daktari ameacha kuandika dawa mpya.

Fundi Saa hataki kabati la vioo. Anataka kulisikia neno moja zaidi kabla ule mdomo haujafungwa kabisa. Na akijipa ruhusa ya kuota, anataka neno hilo liwe "mwanangu". Hajaitwa hivyo tangu siku alipoweka nyundo chini, akamwambia baba yake kwamba yeye atatengeneza saa.

Basi, turudi kwa mjane.

"Mama, kisu kiko wapi?"

"Nimekipeleka kwa mnoaji," mjane alisema kwa furaha ya mtu aliyeandaa zawadi. "Mgeni nimpe kitu kichafu kile? Marehemu mume wangu angenicheka huko aliko. Nimemwambia Cheche akisugue mpaka mtu ajione uso."

Fundi Saa aliiacha droo wazi, akainuka.

"Akisugue?"

"Mpaka ajione uso!"

Alikuwa mlangoni kabla hajajua kwamba miguu yake inakwenda. Alipiga teke kigoda, akamkanyaga paka, akatoka.

"Mwanangu!" mjane aliita nyuma yake. "Hata hukusubiri nikwambie kilikotoka! Marehemu alipewa na mwanamke aliyekuwa akilia, badala ya nauli..."

Maneno hayo yaligonga mlango uliokwisha kufungwa. Wewe msomaji umeyasikia. Yashike.

*

Cheche ananoa visu kwenye kona ya duka la vyuma. Amekaa juu ya baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, anakanyaga pedali, na mnyororo unazungusha jiwe. Cheche za moto humrukia kifuani, ndiyo maana ya jina lake, na ndiyo maana shati lake limejaa matundu kama chujio.

Fundi Saa alitokea kona akiwa hana pumzi. Aliona jiwe linazunguka. Aliona bapa limeinamishwa juu yake. Aliona cheche zinaruka.

"Simama!"

Akaruka ndoo ya maji, akamdaka Cheche kifundo cha mkono.

"We kaka!" Cheche alipiga kelele. "Unataka kisu au unataka kidole changu?"

"Hicho kisu! Hicho!"

"Hiki? Hiki cha mchinjaji! Yule pale amesimama, muulize!"

Mchinjaji, mtu mpana mwenye aproni, alikunja mikono kifuani. "Ndugu, kama unakipenda sana nitakuuzia. Lakini usimbusu mnoaji wetu mbele za watu."

Watu wakacheka. Hata Fundi Saa alicheka, kicheko cha mtu aliyeponea tundu la sindano. Aliegemea ukuta, akajifuta jasho. Hajachelewa. Kisu cha pembe bado kiko mahali, kinasubiri zamu yake.

"Pole, kaka," alisema. "Nilidhani ni kile cha mama mshonaji. Kile cha mpini wa pembe. Usikiguse, nimekifuata mimi."

"Cha mama mshonaji?" Cheche aling'aa uso. "Hicho nilianza nacho asubuhi. Kazi ya kwanza, mkono bado una nguvu. Ngoja uone mwenyewe."

Akafungua kisanduku chini ya tandiko. Akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi. Akakifunua taratibu, kama mama anayeonyesha mtoto mchanga.

Kisu kiling'aa mpaka mchinjaji akafumba jicho.

Mpini ulikuwa wenyewe: pembe nyeusi, na mstari mweupe ulioipita kama maziwa yaliyomwagika. Fundi Saa alikipokea kwa mikono miwili. Hakutazama. Alifanya kama afanyavyo baba yake. Alifumba macho, akaweka kidole gumba kwenye bapa, akakisogeza polepole kuelekea shina.

Laini.

Akarudia. Laini kama kioo cha saa.

"Hapa," alisema, macho bado amefumba. "Hapa palikuwa na kitu."

"Hapo? Hapo palikuwa na makwaruzo, kaka, usiniambie! Kama mtu aligongagonga na msumari. Yalinisumbua! Nimeyala kwa jiwe, nikayamaliza kwa msasa laini. Na hilo mama sikumtoza. Nimefanya kwa mapenzi tu."

"Yalikuwa mangapi?"

"Makwaruzo? Nani anahesabu makwaruzo?"

Fundi Saa alifumbua macho. Katika bapa aliuona uso wake, wote, mpaka vinyweleo vya kidevu. Mjane alikuwa amesema kweli. Mtu angeweza kujiona.

Cheche aliacha kutabasamu. "Kaka. Nimekosea?"

Mtu mwingine angempiga. Mtu mwingine angetupa kile kisu kwenye ndoo. Fundi Saa aliangalia matundu ya shati, akaangalia kile kitambaa safi, ambacho lazima kilitoka nyumbani kwa Cheche, kwa sababu pale kwenye kona hapakuwa na kitu safi kingine.

"Hapana," alisema. "Umefanya kazi nzuri."

Ndipo gari lilipofunga breki nyuma yao.

*

Hamjamsahau Miwani. Ndiye aliyemtangulia Fundi Saa kwenye milango mingi, mwenye chumba kizima cha makabati ya vioo, visu vya pembe, vya mfupa, vya shaba, kila kimoja na taa yake. Vitano vya jani vikiwa pamoja ni kitu ambacho hakuna mkusanyaji anayekimiliki, na Miwani havumilii kutomiliki kitu. Alishuka ameshika sanduku dogo lenye kitambaa cha mahameli ndani.

"Nimechelewa kwa mjane," alisema, "lakini naona sijachelewa kwako. Nipe nikitazame tu. Kutazama si dhambi."

Fundi Saa alimpa. Jambo hilo peke yake lilimshtua Miwani. Siku zote ilikuwa kama kumnyang'anya chui mnofu.

Alikileta kisu karibu na pua. Akakigeuza. Akatoa lenzi mfukoni, akatazama shina la bapa upande huu, akatazama upande wa pili. Kisha akavua miwani yake. Hakuna mtu katika mtaa ule aliyewahi kumwona bila miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka.

"Nani amefanya hivi?"

Cheche alijificha nyuma ya mchinjaji, na palikuwa na nafasi ya kutosha.

"Hakuna aliyefanya," Fundi Saa alisema. "Kilikuwa kichafu, kikasafishwa."

"Kisu cha kale hakisuguliwi! Hata kitoto changu cha chekechea kinajua! Kinafutwa mafuta, kinaachwa na kutu yake, kinaachwa na..." Akafunga sanduku lake. "Basi. Sasa hicho ni cha kukatia limau."

Alitaka iwe kejeli. Haikutoka kama kejeli.

"Hukitaki tena?" Fundi Saa aliuliza.

"Nitakiweka wapi? Kwenye droo ya vijiko?" Miwani alimrudishia, kwa upole, mpini mbele. "Ndugu yangu, nimekuombea mabaya mengi. Nilikuombea uanguke na baiskeli, kabla hujaiuza. Hili sikukuombea."

Alikwenda mpaka mlango wa gari, akageuka.

"Sikiliza. Wapo wenzetu wanaochora chapa upya. Nimewajua, na baadhi yao walilala gerezani. Usithubutu. Hapo ulipo una kisu cha baba yako kisicho na jina. Ukikichora, utakuwa na kisu chako chenye jina la baba yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Miwani aliwasha gari. Msomaji, nimemwandika mtu huyu kama adui tangu sehemu ya kwanza. Leo nilitaka kumpa mkono.

*

Nyumbani kwa Fundi Saa kuna utani wa kila siku. Visu vinne vimelala kabatini katika pamba, kimoja kizuri kuliko kingine, na mke wake anakata vitunguu kwa kisu cha kuazima kwa jirani. Kila mara mume anapoingia na kitu kilichofungwa kitambaa, mke huuliza jikoni, "Hicho nacho ni cha kuangaliwa, au leo kitunguu changu kitapata kisu?"

Siku hiyo hakuuliza.

Mume alifunua kitambaa juu ya meza. Mke aliona ule mstari mweupe kwenye pembe. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Umekipata wapi?" alisema, kwa sauti ya chini.

"Kwa mjane wa dereva. Yule wa ng'ambo ya soko."

"Amekwambia nini?"

"Aniambie nini? Amekipeleka kunolewa. Jani limefutika lote, mke wangu. Lote."

Mke alirudi kukoroga sufuria. Moto ulikuwa haujawashwa. Fundi Saa aliliona hilo, akadhani ni huzuni, akampenda zaidi kwa hiyo huzuni.

"Basi tuache," mke alisema akiwa amempa mgongo. "Tuseme Mungu hakupenda. Mara ngapi nimekuomba uache hivi visu?"

"Kila siku."

"Basi leo nisikie."

Kikohozi kilitoka chumba cha nyuma, kikavu, kirefu, kikaisha kwa mluzi. Juu ya meza, karibu na kisu, palikuwa na bakuli la uji la mzee, limejaa kama lilivyokwenda.

"Daktari alisema nini ulipokuwa naye?" mume aliuliza.

"Alisema tumkalie karibu."

Hakuna aliyemwomba mwenzake afafanue.

Mke aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hapakuwa na kitunguu cha kusingizia.

"Wewe si fundi?" alisema ghafla. "Mkono wako unaweka skrubu isiyoonekana. Vinne unavyo vya kuangalizia. Mchoree."

"Ni uongo huo."

"Uongo gani? Jani lilikuwepo! Hukuliongeza wewe, unalirudisha mahali pake. Akiligusa akasema analolisema, mambo yakaisha, ukapumzika. Tukapumzika sote."

"Miwani ameniambia..."

"Miwani ana baba chumba cha nyuma?"

Fundi Saa alikigeuza kisu mezani. Ukweli ni kwamba tangu kwenye ile kona alikuwa akitamani mtu aseme maneno hayo ili yasiwe yake.

*

Alisogeza meza dirishani. Akapanga vile vinne vya kweli mbele yake, majani juu. Akabana lenzi jichoni, akachagua patasi nyembamba kuliko zote, ile anayofutia maandishi nyuma ya saa za marehemu, watoto wao wanapotaka kuzivaa.

Akaanza.

Chuma kilikuwa kigumu, cha baba yake kweli, lakini kilikubali. Kwanza ukingo wa jani. Kisha kikonyo. Kisha mishipa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mwembamba kama unywele wa mtoto. Alipunguza mng'ao kwa majivu na mafuta, akapaka chai nzito kuleta uzee. Akapuliza vumbi.

Lilikuwa zuri. Nisiwadanganye, lilikuwa zuri kuliko yale manne. Na katikati ya aibu yake Fundi Saa alihisi kitu ambacho hajawahi kukihisi: kwamba yeye na baba yake wamefanya kazi moja, juu ya chuma kimoja. Aliona haya kufurahi. Akafurahi hivyo hivyo.

Jua lilikuwa bado liko dirishani alipoingia chumba cha nyuma.

Mzee alilala ubavu, uso kwenye mwanga. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya shuka, vidole vimejikunja kidogo, kama vinashika mpini wa nyundo ambao haupo. Mwanawe alipiga magoti. Alikifungua kile kiganja, akaweka kisu, akavikunja vidole juu yake.

Mke alisimama mlangoni na beseni la maji ya kumwogesha.

Kidole gumba kilikaa kimya kwa muda. Kisha kikatambaa. Kikapita kwenye bapa, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi. Kikafika shina.

Kikasimama.

Mshipa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, wa nne. Wa tano. Kidole kikarudi mwanzo, kikahesabu tena. Midomo ya mzee ilitikisika, ikatafuta njia, ikaipata.

"Limechongwa," mzee alisema.

"Baba?"

"Limechongwa. Baridi." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini kila neno lilisikika. "Langu hugongwa. Chuma kikiwa chekundu. Mara moja tu. Chuma huvimba pembeni ya mstari, kama mdomo. Hapa hapana mdomo."

Hajawahi kusema maneno mengi hivyo tangu kiharusi. Yote yalikuwa ya kumkana.

Fundi Saa alielewa papo hapo, na ndilo lililomuuma zaidi. Mhunzi hugonga. Mtu wa saa huchonga. Alikuwa amepima urefu, upana na kina, akasahau kwamba mkono wa baba yake haukuwahi kukata mstari maishani mwake. Hakuna mwingine duniani angeligundua kosa lile. Alikuwa amempelekea yule mmoja anayeweza.

Mzee alikiachia kisu. Akafuta kidole gumba kwenye shuka, mara kadhaa, kama aliyegusa kitu kinachonata.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, baba. Ni mimi."

"Mwizi."

Fundi Saa aliruka kabatini. Alileta cha nne, cha kweli, kile kilichomtoa mzee maneno, akakisukuma kwenye kiganja. Ngumi ilikuwa imefungwa. Alileta cha mwashi. Ngumi haikufunguka. Alijaribu kuvifungua vidole kwa upole, na mzee yule aliyeshindwa kuinua kijiko akavikaza mpaka kucha zikaingia kwenye nyama.

"Toa. Vyote. Vyote vimechongwa."

"Hivi ni vyako! Vinne hivi ni vyako, naapa!"

"Toa."

Ndiyo hivyo. Milango minne iliyokuwa imefunguka, kila mmoja kwa jasho lake, ilifungwa kwa wakati mmoja, na aliyeifunga ni yeye, kwa patasi yake, akiwa anafurahi. Alibaki amepiga magoti na visu vyake mapajani. Hata kulia hakulia. Alijihisi kama saa iliyokatika springi: ufunguo unazunguka, hakuna kinachokaza.

Kisha mzee akasema neno.

"Mwiteni mwanangu."

Fundi Saa aliinua uso. Ameliota neno hilo kibandani, njiani, usingizini. Limekuja. Limempita juu ya kichwa, likaenda kumtafuta mtu mwingine.

"Yule wa saa," mzee aliendelea, macho dirishani. "Ana jicho, yule. Ana mkono. Mwambieni kuna mtu anachora jani letu."

Alisema letu.

Mwanawe alifungua mdomo kusema "ni mimi", akaufunga. Alikwisha sema. Akaona njia iliyobaki ni moja tu, kujibu kama mgeni.

"Yeye atajuaje, mzee, kama ni la kuchongwa?"

"Atalinganisha." Mzee alivuta pumzi, na mluzi ukapiga kifuani. "Cha tano anacho yeye. Nilimfulia yeye. Pembe yenye maziwa. Nilisema siku nazima moto nitamkabidhi. Ajue sikukasirika."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika. Kisha nikaacha."

Fundi Saa alitazama kisu kilichoanguka kwenye shuka. Pembe nyeusi. Mstari wa maziwa.

"Lakini mzee," alisema polepole, "mwanao hajawahi kupewa kisu."

"Anacho," mzee alisema, kwa subira ya mtu anayemweleza mjinga. "Mkono ulianza kutetemeka, nikaogopa nitakipoteza. Nikampa mkewe amwekee."

Ndipo yale maneno yaliyogonga mlango wa mjane yalipomfikia Fundi Saa. Yalikuwa yamemfuata njia nzima, sasa yakamkamata. Mwanamke aliyekuwa akilia. Badala ya nauli. Dereva.

Siku ya kiharusi yeye alikuwa kibandani. Mke wake alikuwa peke yake na mzee sakafuni. Aliwakuta hospitali, mzee amewahishwa, daktari anasema kidogo tu wangemkosa. "Mlifikaje?" aliuliza siku hiyo. "Kuna msamaria alitupa gari," mke alijibu. Hakuwahi kuuliza zaidi. Nani huuliza jina la msamaria?

Nyuma yake beseni lilianguka.

Maji yalikimbia sakafuni, yakapita chini ya kitanda, yakalowesha magoti yake. Hakugeuka mara moja. Alijua atakachokiona, na alijua kwamba akishakiona hakuna fundi wa kukirudisha nyuma.

Akageuka.

Mke wake alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Alikuwa analia bila sauti, kama anavyolia mtu aliyezoea kulia watu wakiwa chumba cha pili.

"Nani analia hapo?" mzee aliuliza.

Mke aliachia mlango, akajiziba mdomo.

"Kama ni mke wa mwanangu," mzee alisema, na akakifungua kile kiganja, akakinyoosha kitupu juu ya shuka, karibu kabisa na kile kisu cha pembe, "mwambieni akilete."